Je, Una Ndugu Nchini Humu?

Picha ilikataliwa mara ya tatu, na Sufiani akamwomba Bi Mwanvita arudishe ushungi nyuma mpaka masikio yaonekane.

"Unisamehe, Bi Mwanvita. Si mimi, ni mfumo."

Bi Mwanvita alikuwa amekaa kwenye stuli ya plastiki ndani ya stesheneri, mgongo ameuegemeza ukutani, mahali Sufiani alipopapaka rangi nyeupe kwa ajili ya kazi hiyo. Walikuwamo wateja wengine: mwalimu mmoja aliyekuja kutoa kopi za mtihani, na vijana wawili waliosubiri kuchapisha barua za kuomba kazi. Yeye alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane, na tangu siku aliyoolewa hakuna mwanamume wa kando aliyepata kuyaona masikio yake. Aliurudisha ushungi nyuma. Mwalimu akageuka kuitazama mashine ya kopi. Vijana hawakugeuka.

Sufiani akapiga picha kwa simu, akaipandisha kwenye kompyuta. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha ikatokea alama ya kijani.

"Imekubali," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pongezi.

Bi Mwanvita akajifunika upesi. Kitambaa kilimkwamakwama vidoleni. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikokota chumvi kwa reki katika mashamba ya chumvi yaliyo kaskazini ya mji, miguu peku ndani ya maji makali, na chumvi ilikuwa imekwishamla: ngozi ya viganja ilipasuka ikawa kama udongo wa kiangazi, na kila alichokishika kilimkwaruza au kukwaruzwa. Walipomchukua alama za vidole za pasipoti, mashine iliviona vidole havipo. Alirudishwa nyumbani mara mbili akaambiwa ajipake mafuta.

Pasipoti alikwishaipata. Kilichobaki ni viza.

Hajra, binti yake wa pekee, alikuwa na siku ya kumi na saba amelala katika hospitali moja huko Uarabuni, uti wa mgongo umevunjika. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na cheti chake cha kusindika samaki alichokipatia chuo cha uvuvi cha Mbegani kilikuwa kingali kimetundikwa sebuleni ndani ya fremu. Alizunguka nacho miaka miwili akitafuta kazi. Mwisho akaenda kuosha vyombo vya watu nchi za nje, na kwa miezi kumi na minne aliviosha, hadi alipoanguka kutoka ghorofa ya tatu ya nyumba ya tajiri wake. Kama aliteleza, kama alisukumwa, kama alijirusha, hakuna aliyejua, na waliojua hawakusema. Tajiri alimshusha getini pa hospitali, akasema amemwokota barabarani.

Habari zilimfikia Bi Mwanvita kwa ujumbe wa sauti. Aliyeutuma ni mwanamke wa Pangani aitwaye Mwanabaraka, ambaye kazi yake ni kupiga deki wodi ile. Alisikia mgonjwa akimwita mama yake kwa Kiswahili, akaweka chini tambara lake.

"Mama Hajra, mwanao yu hai," ilisema sauti hiyo, ikinong'ona. "Akili zimo. Miguu haisikii. Wanataka mtu wa damu yake aje na pasipoti amtoe. Asipokuja mtu watampeleka kule wanakofungiwa wageni waliopitisha siku zao. Na kule, mama, mgonjwa halali kitandani. Njoo upesi."

Alianzia serikalini. Alipanda basi la alfajiri mpaka Dar, akakaa kwenye benchi la ofisi moja kutoka saa mbili hadi saa nane, na zamu yake ilipofika, afisa aliyevaa tai akachapa jina la Hajra, akaangalia, akatikisa kichwa.

"Mama, kwenye mfumo wetu binti yako ni mtalii."

"Alikwenda kufanya kazi za ndani, baba."

"Wafanyakazi wana orodha yao. Yeye hayumo. Aliondoka kwa viza ya utalii, ameandika anakwenda kutembea. Mtalii akipata ajali, hiyo ni baina yake na bima yake."

"Bima gani?"

"Hilo angelijua mwenyewe mtalii." Afisa akafunga faili ambalo halikuwa na karatasi ndani. "Nenda mwenyewe ukamchukue. Siku hizi viza unaomba mtandaoni, huhitaji hata kukanyaga ubalozini. Dunia imekuwa kiganjani, mama."

Ndipo akafika kwa Sufiani.

Fomu ilikuwa kwa Kiingereza na Kiarabu. Sufiani aliisoma kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Alikuwa kijana mpole, wa kusema shikamoo hata kwa waliomzidi miaka mitano, na mji mzima ulimtegemea: vyeti vya kuzaliwa, maombi ya mikopo ya chuo, matokeo ya darasa la saba, vyote vilipita katika vidole vyake.

Alipobofya kisanduku cha kwanza, cha jina, orodha ndefu ya majina ikaporomoka chini yake. Sufiani aliiwahi kuifunga, lakini Bi Mwanvita alikuwa amesoma shule mpaka darasa la saba na macho yake yalikuwa mazima.

"Hiyo nini?"

"Kompyuta tu, Bi Mwanvita. Inakumbuka yaliyowahi kuandikwa."

"Ifungue."

"Haina maana—"

"Ifungue, Sufiani."

Akaifungua. Yalikuwa majina ya wanawake, yamepangana kama wanafunzi mstarini. Bi Mwanvita akayasoma polepole huku midomo ikicheza. Mmoja alikuwa binti wa jirani yake wa Magomeni. Mwingine alikuwa mke wa mtu aliyefanya naye kazi chumvini. Aliposhuka katikati akalikuta: HAJRA ABDILLAH.

"Ni wewe uliyemjazia."

Sufiani alishika shingo yake kwa nyuma. "Alhaji Bwanaheri alikuwa analeta majina ya wasafiri wake kwa pamoja. Mimi najaza ninachopewa, Bi Mwanvita. Sikuwaona hata sura."

"Ulimwandika anakwenda kufanya nini?"

"Kutembea."

"Kutembea wapi?"

Sufiani alitazama kibodi. "Ufukweni. Madukani. Jangwani, kupanda ngamia. Huwa naandika hivyohivyo kwa wote."

Mwalimu wa kopi alikusanya karatasi zake, akaondoka bila kuaga, na wale vijana wakamfuata. Bi Mwanvita aliushika ukingo wa meza.

"Nijazie na mimi," akasema. "Ila mimi uniandike kweli."

Ukweli ulikuwa na taabu kuingia. Kwenye sababu ya safari palikuwa na utalii, biashara, mkutano, na kumtembelea ndugu mwenye kibali. Kumchukua mgonjwa hapakuwa. Hajra hakuwa na kibali. Alikuwa na viza ya siku thelathini iliyokufa zamani. Wakaweka utalii, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Kwenye kazi, Sufiani akaandika kibarua wa chumvi. Kwenye taarifa za benki, akaandika hana. Kisha wakafika kwenye swali lililouliza: *Je, una ndugu nchini humu?*

"Ndiyo," akasema Bi Mwanvita. "Andika binti yangu. Andika na hospitali."

Sufiani akaandika, akatuma. Akaenda kumchukulia chai kwa muuza chai wa jirani. Kikombe kilikuwa bado kinatoa moshi kompyuta ilipolia.

"Wamekataa," akasema Sufiani.

"Nani amekataa?"

"Hakuna mtu. Mashine."

"Basi nipe huyo mkubwa wake nizungumze naye."

"Hakuna pa kuzungumzia. Tazama, imeandikwa hapa: usijibu barua pepe hii." Akainamisha sauti, ingawa walikuwa wamebaki wawili. "Bi Mwanvita, umesema una ndugu aliyepitisha siku. Mashine ikiona hivyo haisubiri. Na huna benki, huna barua ya kazi, huna hoteli. Mwenye uwezo wa kukutengenezea vitu hivyo mji huu ni mmoja tu, na unamjua."

Alimjua. Nani asiyemjua Alhaji Bwanaheri? Ndiye aliyetandika mazulia mapya msikitini, ndiye anayekalishwa mbele siku za maulidi, ndiye anayechinja ng'ombe wawili Iddi Kubwa na kuwaita mafukara kwa kipaza sauti. Bi Mwanvita mwenyewe alikwishasimama kwenye foleni ile akapewa fungu la nyama, akamwombea dua.

Alimkuta ofisini kwake Ijumaa baada ya sala, anakula. Ofisi ilikuwa na marumaru nyeupe na kiyoyozi, na udi ulifukizwa mpaka harufu ikawa nzito kooni. Mbele yake palikuwa na sinia ya kamba wa kukaanga. Alikuwa akiwakata vichwa kwa vidole, anavinyonya, anaviweka pembeni juu ya gazeti.

"Karibu, dada yangu, karibu. Umekula?"

"Nimeshiba."

"Kamba wametoka majini asubuhi ya leo. Onja hata mmoja."

"Mwanangu amevunjika mgongo, Alhaji."

"Nimesikia. Wallahi sikulala." Alinyonya kichwa, akafuta mdomo kwa ulimi. "Ila tuzungumze kama watu wazima. Mimi namuuzia mtu tiketi. Akifika kule akaamua mwenyewe kufanya kazi kwa watu, mimi nitajuaje?"

"Wewe ndiye uliyempa simu ya yule tajiri. Ulimpa mbele yangu, barazani kwangu. Ukasema ni mcha Mungu."

"Una karatasi inayosema hivyo?"

Bi Mwanvita alivitazama vichwa vya kamba juu ya gazeti.

"Mimi ninazo." Akafungua saraka ya meza kwa kidole kidogo, ambacho hakikuwa na mafuta, akatoa nakala ya fomu. Chini kabisa palikuwa na saini ya Hajra, zile herufi za mviringo alizofundishwa shule ya msingi. "Mtalii. Ameweka saini kwa mkono wake. Si mimi niliyemshika."

Kiyoyozi kilinguruma. Mafuta ya kamba yalimtiririka Bwanaheri kwenye kifundo cha mkono, akayalamba kabla hayajafika kwenye mkono wa kanzu.

"Kuna kijana wa redio anazungukazunguka akiulizauliza," akasema. "Amefika kwako?"

"Amefika."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia arudi Jumatatu."

"Basi Jumatatu utakuwa angani, inshallah." Alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la ukarimu, lilelile la siku za Iddi. "Tiketi juu yangu, ya kwenda na kurudi. Hoteli juu yangu. Benki, barua ya kazi, usijali. Sisi ni watu wa mji mmoja, Bi Mwanvita. Nami nataka kitu kidogo tu, ili maneno ya watu yaishe."

Kitu kidogo kilikuwa karatasi moja iliyochapwa tayari. Ilikuwa imechapwa kabla yeye hajabisha hodi. Aliisoma mara mbili. Ilisema kwamba yeye, Mwanvita binti Mwinshehe, mama mzazi wa Hajra, anathibitisha mbele ya Mwenyezi Mungu na sheria kuwa binti yake alisafiri kwa hiari yake kwa ajili ya matembezi. Kwamba Bwanaheri hakumtafutia kazi wala hakupokea chochote. Na kwamba yeye na ukoo wake hawatasema wala kudai kinyume cha hayo, leo wala kesho. Bwanaheri alikuwa amekwishaishika kwa vidole vyake, na juu ya jina la Hajra palikuwa na doa la mafuta lililoifanya karatasi ionyeshe upande wa pili.

"Nikikataa?"

"Hulazimishwi. Mfumo uko wazi kwa kila mtu. Omba tena mwenyewe."

Alifikiri wodi ile asiyoijua. Alifikiri mahali pale ambapo mgonjwa halali kitandani. Akatia saini.

"Na dole gumba," akasema Bwanaheri. "Wanasheria wanapenda dole."

Dole lilitoa doa la buluu, duara tupu lisilo na mstari hata mmoja. Akabonyeza tena, duara tupu. Bwanaheri akainuka, akazunguka meza, akalishika dole lile kwa vidole vyake vya mafuta na kulikandamiza karatasini kwa nguvu, akilizungusha huku na huku kama mtu anayekamua ndimu. Bi Mwanvita aliusikia utelezi wa mikono ile ukipenya katika nyufa za ngozi yake. Alipotoka nje alichota mchanga kando ya ukuta, akausugulia mkono mpaka damu ikachungulia.

Jumamosi, Sufiani alijaza fomu upya. Safari hii mambo yalikwenda kama maji ya mfereji. Ndani ya bahasha ya Bwanaheri mlikuwa na taarifa ya benki yenye jina lake na miezi sita ya fedha alizosoma kwa mshangao, kama mtu anayesoma habari za jamaa tajiri asiyemjua. Mlikuwa na barua iliyomfanya mkurugenzi wa kampuni ya chumvi. Mlikuwa na hoteli yenye bwawa la kuogelea, na chini kabisa nakala ya ile karatasi ya dole.

"Sehemu unazotarajia kutembelea," akasoma Sufiani, wala hakungoja jibu. Vidole vyake viliandika vyenyewe.

Kisha akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Hapa bonyeza mwenyewe, Bi Mwanvita."

"Pana nini?"

"Lile swali. Kama una ndugu kule." Alikuwa akitazama mlangoni. "Mengine yote nabeba mimi. Hili siliwezi. Ni mwanao."

Bi Mwanvita hakuwa amepata kushika kipanya maishani mwake. Sufiani alimwelekeza kwa maneno, bila kumgusa: sukuma mbele, kidogo kulia, hapo. Kimshale kilitetemeka juu ya kile kisanduku. Alikumbuka uchungu wa kumzaa, siku mbili, mkunga akikata tamaa, na sauti ile ndogo yenye hasira ilipotoka mwishowe. Akasema, "Astaghfirullah," akabonyeza *Hapana*.

Hakuna kilichotokea. Ukurasa ulifunguka mwingine, ukauliza kama ana mzio wa chakula chochote.

Jibu lilikuja Jumapili asubuhi. Lilikuja na picha ya baba, mama na watoto wawili juu ya ngamia, wote wanacheka, na chini yake maneno ambayo Sufiani alimsomea: Hongera, Bi Mwanvita. Tunakukaribisha. Tunakutakia matembezi yasiyosahaulika.

Jioni ile Mwanabaraka aliweka simu kwenye sikio la Hajra, na kwa mara ya kwanza tangu ajali Bi Mwanvita akaisikia sauti ya mwanawe. Ilikuwa nyembamba, imekauka.

"Mama, unakuja kweli?"

"Kesho, mwanangu. Karatasi ninayo mkononi."

"Njoo na kanga. Hapa wananifunika shuka la karatasi. Nikijikojolea linachanika."

Alitia kanga nne kwenye mkoba, na chupa ya mafuta ya nazi ya kumkandia miguu. Hakulia. Alizunguka chumbani akijisomesha yale Sufiani aliyomwandikia: mnara mrefu, soko la dhahabu, ufukwe, ngamia. Mnara mrefu, soko la dhahabu.

Uwanja wa ndege ulikuwa na sakafu inayong'aa hata mtu akajiona nyayo. Mzigo ulipita, tiketi ilipita. Akaelekea kwenye madirisha ya uhamiaji, akasimama kwenye mstari uliokuwa mfupi kuliko yote, wa dirisha la pili.

Afisa alikuwa msichana wa umri wa Hajra, nadhifu, mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unakwenda kufanya nini huko?"

"Kutembea."

"Kutembea wapi, mama?"

"Mnara mrefu. Soko la dhahabu. Ufukwe." Akalitafuta neno la mwisho. "Na ngamia."

Msichana akatazama kompyuta yake, akamtazama yeye, kisha akatazama juu ya kaunta, mahali Bi Mwanvita alipoweka pasipoti na bahasha ya Bwanaheri.

"Mkurugenzi wa kampuni," akasoma. "Mama, hebu nionyeshe viganja vyako."

Akavionyesha. Hakuwa na namna ya kuvificha.

"Mama yangu," akasema msichana, na sauti yake ikawa ya huruma kabisa, "nani amekudanganya? Tumepewa maagizo. Akina mama wanachukuliwa kwa viza hizi za utalii, wakifika wanatumikishwa majumbani, wanapigwa, wanatupwa. Tunawazuia kwa usalama wenu. Hutasafiri leo."

"La, mwanangu, sikiliza. Siendi kufanya kazi. Namfuata binti yangu. Yuko hospitali, amevunjika mgongo, ndiye aliyechukuliwa hivyo unavyosema. Piga simu, nitakupa namba. Piga sasa hivi."

Msichana akachomoa kwenye bahasha nakala ya fomu ya viza.

"Hapa umejibu kwamba huna ndugu kule."

"Nilisema kweli mara ya kwanza, wakanikataa."

"Kwa hiyo mara ya pili ulidanganya mfumo."

"Nilibonyeza ili nimfikie mwanangu!"

"Na kuna tamko umeweka saini wewe mwenyewe, limeambatanishwa humu bahashani, kwamba binti yako alikwenda kutembea." Alilisoma tena, paji la uso limekunjamana, akionekana kutafuta kwa moyo safi mahali ambapo angeweza kumsaidia. "Sasa mama, nishike lipi? Kila karatasi yako inasema lake." Akatoa fomu ndogo, akaandika. "Saini hapa. Ni kukiri kwamba umezuiwa kwa faida yako."

Bi Mwanvita hakutia saini. Alivutwa kando taratibu na mlinzi, akasimamishwa penye kamba ya buluu inayotenga walioruhusiwa na wasioruhusiwa, angoje mkoba wake urudishwe. Hapo ndipo alipowaona.

Walikuwa wasichana saba, wamevaa mabaibui mapya ya aina moja yenye mikunjo ya dukani bado. Kila mmoja alikuwa na bahasha ya kaki kifuani, na bahasha zile Bi Mwanvita alizijua. Moja kama hizo alikuwa nayo mkononi. Hawakuzungumza. Wa mwisho alikuwa mdogo kuliko wote, uso wa mviringo, pini ya ushungi imemlegea.

"Mama, shikamoo," akasema alipofika karibu na kamba. "Nisaidie pini, tafadhali."

Bi Mwanvita akamfunga. "Unaitwa nani?"

"Ashatu."

"Mtoto wa wapi?"

"Fukayosi. Na wewe husafiri, mama? Mbona umesimama huku?"

"Wamenizuia."

"Ulipita dirisha gani?"

"Hilo la pili."

"Ah!" Ashatu alimwonea huruma. "Sisi Alhaji ametuambia tupite la nne. Tusipite kwingine kokote."

Bi Mwanvita akatazama dirisha la nne. Palikuwa na mwanamume mnene mwenye nyota begani. Msichana wa kwanza alimpa bahasha. Yule mwanamume hakumwuliza kitu wala hakumtazama. Alifungua pasipoti kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika simu sikioni, anazungumza na mtu habari za mchele.

"Usiende," akasema Bi Mwanvita. Alimshika Ashatu mkono. "Mwanangu, nisikilize. Binti yangu alikwenda na bahasha kama hiyo. Hana miguu leo. Anajikojolea. Rudi nyumbani, rudi kwenu Fukayosi, nauli nitakuombea—"

Uso wa Ashatu ulijifunga. Alitazama dirisha la nne, akawatazama wenzake waliokuwa wakisonga mbele bila yeye.

"Mimi ni mtalii, mama," akasema upesi, kama anayejibu mtihani. "Nakwenda kutembea. Niachie."

"Ashatu!"

"Niachie, mama, unaniumiza. Mikono yako inakwaruza."

Sauti ilikuwa imepanda, na watu waligeuka. Mzungu mmoja mwenye kofia aliinua simu yake. Mlinzi akaja mbio, akaviondoa vidole vya Bi Mwanvita kwenye baibui jipya, kimoja kimoja.

"Mama, umeshaambiwa," akasema kwa ukali wa chini chini. "Usiwasumbue watalii."

Ashatu aliinama akapita chini ya kamba, akawakimbilia wenzake. Dirisha la nne muhuri uligonga, ukagonga tena. Yule mnene aliangua kicheko juu ya jambo aliloambiwa kwenye simu. Msichana wa dirisha la pili, mwenye adabu, alikuwa ameinamisha kichwa, anajaza kwa mwandiko mzuri taarifa ya mama mmoja aliyeokolewa.

Mate yalimjaa Bi Mwanvita kinywani, mengi, machungu, ya mtu anayetaka kutapika. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Kila mahali sakafu ilikuwa imepigwa deki, inang'aa, na mwanamke mwenye sare ya usafi alisimama karibu akimtazama, tambara mkononi.

Akayameza.